Mwaka wangu wa utumishi Herrnhut, Ujerumani: siku za mmisionari kijana kutoka Tukuyu

Binti wa Tukuyu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Juzi kwenye uzi mwingine kuna aliyeuliza vijana wanaopelekwa Ulaya na makanisa wanakwenda kufanya nini hasa. Majibu yalikuwa mengi, ila hakuna aliyejibu ambaye mwenyewe yuko kazini. Mimi nipo kazini, huu ni mwezi wa tisa, na leo ni siku yangu ya mapumziko. Nitaeleza taratibu, mwenye swali aulize.

Nina miaka 23, Mnyakyusa, Mmoravian wa kuzaliwa, yaani muumini wa Kanisa la Moravian. Niko Herrnhut, mji mdogo mashariki kabisa ya Ujerumani, jimbo la Saxony, jirani na mipaka ya Poland na Cheki. Mmoravian yeyote aliyepita shule ya Jumapili analijua jina hili. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo lililo Cheki ya leo, walipewa hifadhi kwenye ardhi ya Zinzendorf, mtawala mdogo wa Kijerumani aliyekuja kuwa kiongozi wao, wakakata mti wa kwanza na kuanza kujenga. Miaka kumi baadaye wakaanza kutuma wamisionari, na mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake wakafika Rungwe. Bibi yangu mzaa mama alibatizwa kwenye kanisa lililotokana na safari ile. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na huku walikotoka wao mabenchi mengi ya kanisani ni matupu. Kwa hiyo sasa sisi ndio tunaotumwa.

Nyumbani wanadhani kila Jumapili nasimama kuhubiri. Tangu nifike nimesimama mbele ya kanisa mara mbili tu, siku ya kupokelewa na siku ya kuimba Krismasi. Kazi yangu iko kwenye nyumba ya wazee.

Naamka saa 11 kasoro robo alfajiri. Nasoma neno la siku, naomba, nakunywa chai, natoka. Zamu inaanza saa 12 na robo kwa makabidhiano: muuguzi wa usiku anaeleza nani hakulala, nani alianguka, nani amekataa kunywa maji. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasikia majina tu, maneno mengine yote yakinipita. Nilikuwa na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, lakini Kijerumani cha darasani Dar es Salaam na cha mzee wa Saxony asiye na meno ni vitu viwili tofauti kabisa.

Baada ya hapo ni soksi. Wazee wengi wanavaa soksi za kubana ili miguu isivimbe, na lazima zivalishwe mtu akiwa bado kitandani, maana akishashusha miguu inajaa na soksi haipandi tena. Unaigeuza hadi kisigino, unaingiza vidole, unavuta kidogo kidogo na glavu za mpira mpaka gotini, bila kuacha mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo unaleta kidonda. Wiki ya kwanza jozi moja ilinichukua robo saa. Sasa ni dakika mbili. Mzee mwingine hana mtu mwingine anayemgusa kutwa nzima, kwa hiyo hapo kwenye miguu ndipo tunapozungumza. Ananiambia ameota nini. Namwambia kwetu mvua imenyesha au haijanyesha.

Kisha ni kuwapeleka mezani, kupaka siagi mikate, kumwaga kahawa, kuwalisha wasioweza. Wenye shida ya kumeza wanapewa maji yaliyofanywa mazito kwa unga maalumu. Saa nane na nusu mchana natoka.

Naendelea kesho.

Mzee wa Kyela

Marahaba binti yangu. Nimesoma yote. Wa kwangu wa mwisho naye amejaza fomu, anasubiri usaili. Niambie ukweli kama unavyomwambia baba yako: mnalala wapi, mnakula nini, na mtu akiugua inakuwaje? Mama yake halali.

Binti wa Tukuyu

Baba, shikamoo tena.

Kulala: niko nyumba moja na wenzangu wawili wa kujitolea, kila mmoja chumba chake, jiko na bafu tunashirikiana. Mlango unafungwa na mji ni salama sana. Bima ya afya ipo tangu siku ya kwanza. Desemba niliugua kifua, nikamwona daktari, sikulipa chochote. Tunapewa posho ndogo ya kila mwezi, inatosha kama huna mambo mengi. Mshahara haupo, na mwambie mama yake asipange kutumiwa fedha, kwa sababu binti atajisikia vibaya kila mwisho wa mwezi. Mimi ilinitesa hiyo. Mjomba alikuwa ananiuliza kila simu.

Chakula ndicho kilichonisumbua. Mchana wanakula cha moto, jioni ni cha baridi: mkate, jibini, soseji, matango ya siki. Mkate wao ni mweusi na mzito, mwanzoni nilidhani umeharibika. Sasa naupenda. Ila Jumamosi napika ugali. Unga wa mahindi nilioupata hapa ni wa njano na chenga zake kubwa, ukisonga hautulii kama wa kwetu, lakini ukichanganya na ule laini kidogo unakwenda. Ndizi mbalaga nimeacha hata kuziwaza.

Baridi usimtishe nayo sana. Sisi wa Tukuyu tunajua ukungu na mvua. Kinachoelemea ni giza. Desemba saa kumi jioni jua limeshazama, na asubuhi unaingia kazini bado usiku. Kuna wiki tatu nililia bila sababu ninayoweza kuitaja. Dada mmoja wa usharika alinielewa kabla sijasema, akawa ananichukua kila siku baada ya zamu tutembee nusu saa msituni wakati bado kuna mwanga. Hakunihubiria, tulikuwa tunatembea tu. Mwambie binti asijifungie chumbani na simu.

Halafu ikaja Jumapili ya kwanza ya Adventi, na kila dirisha likawashwa nyota. Hizi nyota zilianzia kwenye shule zao za bweni karne ya 19, na bado zinatengenezwa hapa hapa kwa mikono, zina ncha 25. Nilitoka kazini nikaona mtaa mzima unawaka, nikampigia mama kwa video. Akaniambia zungusha simu tena.

Fundi Chuma

Dada hongera, ila samahani, hapo mimi naona uyaya. Wazungu wamekosa wa kuwaogesha wazazi wao, wanachukua watoto wetu bure kwa jina la Yesu. Umisionari uko wapi hapo? Halafu hao hao ndio walikuja na Wajerumani wa kututawala.

Kijana wa Urambo

Mkuu Fundi usimvunje moyo dada, mwache amalize.

Binti wa Tukuyu

Hapana, swali ni la haki, na mimi mwenyewe nililiuliza usiku mwingi. Nitalijibu lote.

Kwanza, kweli Ujerumani ina upungufu wa watunzaji wa wazee, hilo halifichiki. Sheria yao inasema mtu wa kujitolea asichukue nafasi ya mfanyakazi. Kwangu imefuatwa: dawa siruhusiwi kugusa, vidonda siruhusiwi, zamu ya peke yangu hakuna. Tunapewa siku 25 za semina ndani ya mwaka. Lakini nina rafiki yupo mji mwingine, kwenye nyumba nyingine, ambaye kuna wiki alikuwa anafanya kazi ya watu wawili. Alilalamika kwa waliomleta, akahamishwa. Kwa hiyo usiende mahali ambapo hujui nani wa kumlalamikia.

Pili, la ukoloni. Kweli 1891 walifika wakati bendera ya Ujerumani tayari ipo pwani. Na kuna jambo zito zaidi ambalo sikufundishwa shule ya Jumapili. Wamisionari wa kwanza kutoka hapa, Leonhard Dober na David Nitschmann, waliondoka Agosti 1732 wakatembea kwa miguu hadi Copenhagen, wakapanda meli kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibea kuwahubiria watumwa. Hilo tulifundishwa na tuliliimba. Ambalo halikutajwa ni kwamba miaka michache baadaye misheni ile ile ilinunua shamba pamoja na watumwa wake. Nilipolijua niliumia, nikamuuliza mzee mmoja wa kanisa hapa. Akasema, "Ndiyo, tulifanya hivyo." Hakuongeza utetezi. Nilimheshimu kwa hilo.

Tatu, umisionari uko wapi. Huyo Dober alikuwa mfinyanzi na Nitschmann alikuwa seremala. Kule kisiwani waliishi kwa useremala wa Nitschmann. Kanisa letu limetuma watu wa kazi za mikono tangu mwanzo, kwa hiyo anayesema kuosha miguu ya mzee ni kazi ndogo kwa mmisionari hajui tulikotoka.

Nikupe mfano, mkuu wangu. Yupo mzee mmoja, wakati wa Ujerumani Mashariki ya kikomunisti aliacha kanisa akiwa kijana ili apate nafasi kazini. Wengi walifanya hivyo, na Saxony ya leo watu wengi hawana kanisa lolote, na wengine hata wazazi wao hawakuwa nalo. Mzee huyu hataki maombi. Alinieleza waziwazi wiki ya kwanza, nikamjibu sawa. Kila asubuhi namvalisha soksi. Mwezi wa nne akaniuliza kile kijitabu cha buluu mfukoni mwangu ni nini. Ni kitabu cha neno la kila siku. Akaniambia nimsomee la leo, apate kunirekebisha matamshi. Tangu hapo kila siku anarekebisha matamshi yangu. Hajasema anaamini na mimi sijamuuliza. Ripoti ninayotakiwa kutuma nyumbani ina sehemu ya kujaza "waliookoka". Nimeiacha wazi miezi yote tisa.

Mama Wawili

Jamani hicho kitabu ndicho kile tunachosoma Moravian kila asubuhi? Na vipi ubaguzi mdogo wangu, upo? Usitufiche.

Binti wa Tukuyu

Ndicho hicho hicho dada. Kilichapwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731 na hakijakatika hata mwaka mmoja. Aya za Agano la Kale zinachaguliwa kwa kura hapa Herrnhut, kutoka kwenye bakuli lenye aya zaidi ya 1,800, miaka mitatu kabla. Kisha wanatafuta aya ya Agano Jipya ya kuendana nayo, ndipo inatafsiriwa kwa makumi ya lugha. Nilipoonyeshwa bakuli lenyewe nilikaa kimya. Aya iliyosomwa siku tulipomzika baba ilitoka humo.

Mama yuko Tukuyu, anasoma ya Kiswahili, mimi nasoma ya Kijerumani. Wakati wa baridi yeye ananitangulia kwa saa mbili, sasa hivi kwa saa moja, kwa hiyo nikiamka ujumbe wake wa sauti umeshafika: ameisoma, ameiombea, na amenieleza ng'ombe yukoje. Kijerumani changu chote kimejengwa hapo. Neno nisilolijua nalitafuta kwenye aya ya mama.

Ubaguzi, ndiyo upo, ingawa si kwa wengi. Mzee mmoja alikataa kuguswa na mimi, akasema mikono yangu. Nilitoka chumbani nikanawa, kisha nikajiuliza nimenawa kwa nini. Kiongozi wa zamu alimwambia kwamba hapa hachagui rangi ya mtu, lakini akaniuliza mimi nataka nini. Nilisema nataka nipewe chumba kingine. Mpaka leo tunapishana kwenye korido, namsalimia, haitiki. Halijaisha vizuri, na sitaki kusema limeisha.

Kosa langu mimi nilifanya kwa bibi mmoja. Kwetu kumwita mtu mzima kwa jina lake ni kukosa adabu, unamwita bibi, babu, mama fulani. Mimi nikawa nawaita wote "Oma", yaani bibi, kwa heshima yote. Bibi huyo akanyamaza siku mbili, hakula mkononi mwangu. Siku ya tatu mwenzangu akanieleza: kwao mtunzaji akikuita bibi ni kama anakufanya mtoto, amekuondolea jina lako. Unatakiwa useme Bi fulani, kwa jina la ukoo. Nilikwenda nikainama kidogo kama tunavyosalimia Unyakyusa, nikasema jina lake la ukoo vizuri, nikaomba radhi. Akaniuliza kwa nini nimeinama. Nikamweleza. Tulizungumza karibu saa nzima, nikachelewa mezani nikasemwa.

Huyo bibi ndiye mtu wangu hapa. Mei 1945, siku za mwisho za vita, katikati ya mji iliungua pamoja na kanisa, naye alikuwa mtoto wa shule. Anakumbuka moshi. Anasahau kama amekunywa dawa, anasahau jina la mkwewe, lakini ukianza ubeti wa wimbo wa Zinzendorf anaumaliza. Tuni ni ile ile tunayoimba nyumbani. Mimi naimba Kiswahili, yeye Kijerumani, tunafika mwisho pamoja.

Kijana wa Urambo

Ndugu yangu umenigusa. Huku Pasaka tunakwenda makaburini kabla jua halijachomoza, matarumbeta mbele. Huko kwenye chimbuko bado wanafanya?

Binti wa Tukuyu

Wanafanya! Ngoja nieleze, maana hii ndiyo siku ambayo sitaisahau.

Makaburi yako juu kilimani, wanayaita Shamba la Mungu. Mawe yote yamelala chini, yote sawasawa, tajiri na maskini, ndugu upande mmoja na dada upande mwingine kama walivyokaa kanisani. Waliozidi ni wa familia ya Zinzendorf katikati, makaburi yao yameinuliwa. (Hapo sikupendezwa sana, lakini basi.) Kuna giza bado, tukaanzia kanisani, ukumbi mweupe mtupu, mabenchi meupe, hakuna picha. Kisha tukatoka kwa mstari kupanda kilima na matarumbeta yakapigwa, baridi ikitoka mdomoni mwa wapigaji kama moshi. Kiongozi akasema "Bwana amefufuka", na watu wakaitika "Amefufuka kweli kweli". Mimi niliitika Kiswahili, kwa sauti, sikuweza kujizuia. Mtu mbele yangu akageuka akanipa mkono.

Ndugu wa Urambo, tofauti ni moja: sisi tunaimba mpaka vumbi linapanda. Wao wanaimba wamesimama wima. Nimekaa nao mpaka nimejua kwamba wanalia hivyo hivyo wima.

Juu kule nilikuta jiwe la mtu aliyezaliwa nchi ya mbali na kuzikwa hapa. Nikasimama muda mrefu.

Jambo jingine la msiba. Kwetu kwenye mazishi tunasoma wasifu wa marehemu: kazaliwa lini, kasoma wapi, kaugua nini, kaacha watoto wangapi. Wamoravian wa hapa wanaandika wa kwao wenyewe wakiwa hai, wanaeleza jinsi Mungu alivyowapitisha, na siku ya kuzikwa unasomwa kwa maneno yao. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya kanisa yapo maelfu kwa maelfu, mpaka ya karne ya 18. Niliingia humo siku moja na kuonyeshwa karatasi za mwandiko wa mkono wa watu waliokwenda Greenland, Suriname na kwetu. Bibi wangu yuko kwenye kuandika wake sasa. Yeye anasema kwa mdomo, binti yake anaandika. Wiki iliyopita nikiwa na soksi mkononi akaniuliza Tukuyu inaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Aliirudia mara tatu asisahau.

Fundi Chuma

Dada nimekuelewa. La ripoti ulilosema limenikaa. Ubarikiwe.

Mzee wa Kyela

Binti yangu, ndaga fijo (asante sana). Sasa nipe orodha ya vitu vya kumwandalia mwenzio, mama yake anataka kujaza begi zima vitenge.

Binti wa Tukuyu

Ndaga baba. Vitenge viwili vinatosha, kimoja cha Jumapili na kimoja cha kujifunika akikumbuka nyumbani. Koti la baridi asinunue huko, la huko halifai, hapa usharika una nguo za watu na watampa. Viatu vya kazini visivyoteleza, hivyo aje navyo kama miguu yake ni midogo, mimi nilitafuta wiki mbili. Majani ya chai ya Tukuyu, kilo moja, ya kunywa na ya kugawa, wazee wanayapenda kuliko zawadi nyingine yoyote niliyoleta. Tenzi zake za Kiswahili. Nakala za vyeti zilizothibitishwa, zaidi ya anazodhani zinahitajika, maana ofisi za huku kila moja inataka karatasi yake, na ndani ya wiki mbili baada ya kufika lazima aandikishwe makazi.

Muhimu kuliko hayo ni Kijerumani. Asiridhike na cheti. Afanye mazoezi ya kusikiliza watu wazima wakizungumza haraka, kila siku, hata kama haelewi. Na ajifunze kuuliza "sijakuelewa, rudia tafadhali" bila aibu. Mimi aibu ilinipotezea miezi miwili.

Kesho nina zamu ya jioni, asubuhi niko huru. Mwambie anipigie saa nne ya huko, hapa itakuwa saa tatu na nitakuwa nimetoka kufua. Namba nimekutumia kwenye ujumbe binafsi.